Zahanati Juu ya Paa Letu: Jinsi ya Kuondoa Kosa la Ramani Linaloleta Wageni Getini

Ramani ya mtandaoni ikiionyesha nyumba yako kuwa zahanati, anayegonga geti saa nane usiku hana kosa. Amebeba mtoto mwenye homa, amelipa bodaboda, ameufuata mstari wa bluu kwenye simu mpaka ulipoishia. Dakika anazopoteza kwako ni dakika za mgonjwa. Ndiyo maana hapa kwetu Tegeta nililichukua jambo hili kuwa kazi ya kumalizwa, na kwa yeyote mwenye tatizo kama hili natanguliza hili: usitume ripoti yoyote kabla hujajua kosa limekaa wapi. Yapo makosa ya aina kadhaa ambayo ukiyatazama kutoka getini yanafanana kabisa, na kila moja lina mahali pake pa kurekebishwa. Ukiripoti pasipo penyewe, hakuna kitakachobadilika na wageni wataendelea kuja.

Anayejua kosa lilipo ni mgeni mwenyewe. Mimi huwa nasema: "Samahani dada, hapa ni nyumba ya watu, zahanati iko barabara ya pili kulia. Naomba nione simu yako ilivyokuleta." Tazama ni programu gani aliyotumia: Google Maps, ramani ya dereva wa Bolt, au lokesheni ya WhatsApp. Muulize kama aliandika jina mwenyewe au alitumiwa, na kama alitumiwa, na nani. Kisha soma maandishi yaliyo kwenye alama ya mwisho wa safari. Yanaweza kuwa jina la biashara, jina la eneo tu kama "Tegeta", au namba mbili zenye desimali. Piga picha ya skrini hiyo kwa ruhusa yake, bila kuchukua namba yake ya simu wala jina la mgonjwa. Akiwa na haraka, mwelekeze aende. Jina la programu na maandishi ya alama vinatosha. Kama una mlinzi au dada wa kazi, mfundishe kutazama vitu hivyo viwili.

Alama ikiwa na jina la biashara, basi biashara hiyo imewekwa pasipo pake. Kwenye Google Maps gusa alama, teremka mpaka sehemu ya kupendekeza mabadiliko. Utakuta njia mbili: kubadili maelezo ya mahali, au kusema pamefungwa au hapapo. Wengi wana hasira, wanakimbilia ya pili. Usifanye hivyo. Zahanati ipo, inatibu watu, ina picha na maoni ya wateja. Ukisema imefungwa umesema uongo unaoweza kumpotosha mgonjwa mwingine, na mwenyewe akigundua ataifungua tena palepale juu ya paa lako. Chagua kubadili maelezo, gusa kipengele cha mahali, washa picha ya satelaiti, vuta karibu mpaka uyaone mapaa, halafu sogeza ramani hadi alama ikae juu ya jengo lenyewe la zahanati. Isikae barabarani wala kiwanja cha jirani, maana utamhamishia mwenzako mzigo wako.

Ripoti moja ibebe badiliko moja. Ukibadili jina, namba ya simu na mahali kwa mkupuo, hutajua kipi kimekwamisha. Nenda mpaka zahanati yenyewe mchana, piga picha ya kibao chake na mlango, uziweke kwenye ukurasa wa mahali hapo. Majirani wote kutuma ripoti ileile jioni moja hakusaidii. Kunafanana na watu wanaotaka kumharibia mtu biashara. Afadhali ripoti ya dereva aliyefika kwako akapelekwa kwingine, kwa kuwa yeye amefika kotekote.

Hata hivyo, mwenye nguvu kubwa kuliko ripoti zako zote ni mmiliki wa biashara. Nenda ukamwone mganga mfawidhi ana kwa ana, na picha za skrini mkononi. Msalimie, mwoneshe wagonjwa wake wanaishia wapi. Hakuna mwenye zahanati anayefurahia kusikia kwamba wateja wake wanazunguka mitaani usiku. Mara nyingi tatizo ni kwamba ukurasa ulifunguliwa na kijana aliyewatengenezea tovuti, akaondoka na nywila. Dawa yake ni mmiliki kuomba upya umiliki wa ukurasa huo wa biashara na kuthibitishwa. Siku hizi uthibitisho mara nyingi ni kwa video: anarekodi bila kukata, akianzia barabarani, akaonesha kibao, akaingia ndani sehemu ambayo mhudumu tu ndiye anayeifikia. Irekodiwe mchana, kibao kikisomeka. Akishathibitishwa, anasogeza alama mwenyewe.

Kabla hujaagana naye, kagueni pamoja anwani zilizoandikwa kwenye ukurasa wa Facebook, Instagram, WhatsApp ya biashara, tovuti na kadi za kugawa. Hapa ndipo kosa linapojificha. Unarekebisha ramani leo, kisha mtu mwingine anasoma anwani mbovu Facebook, anaona ramani "imekosea," anairudisha alama kwako kwa nia njema kabisa.

Tofautisha pia linki na lokesheni. Linki ya mahali penye jina humfuata mwenye jina: alama ikihama, linki inahama nayo. Lokesheni iliyobandikwa WhatsApp ni namba tupu. Haihami kamwe. Kama mhudumu wa mapokezi ana ujumbe wa zamani anaoutuma kwa kila mgonjwa, utabaki kukuletea watu hata baada ya ramani zote kunyooka. Mwombe asimame mlangoni kwake, atume lokesheni mpya, afute ile ya zamani.

Ikiwa biashara ni ya mpangaji aliyehama, mwambie achague kuhama, si kufunga, aweke mahali papya. Na kama ni fundi au mama anayepika keki akapeleka kwa wateja, anaweza kuficha anwani yake kabisa akaonesha eneo anakohudumia tu. Ningependa kila anayefanya biashara nyumbani ajue hili kabla hajajisajili.

OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, ina utaratibu wake, na binafsi naupenda kwa uwazi wake. Dar es Salaam imechorwa humo kwa kina kuliko miji mingi, kwa sababu ya Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaa, mifereji na nyumba kwa ajili ya kukabili mafuriko. Fungua akaunti, ingia sehemu ya kuhariri, gusa alama, ivute mpaka jengo sahihi, kisha andika maelezo mafupi ya kwa nini umeisogeza. Kila kitu humo kina historia: utaona nani aliweka, lini, na unaweza kumwandikia. Usipojiamini kuhariri, weka dokezo tu kwenye ramani, wachoraji watalishughulikia. Badiliko linaingia kwenye ramani kuu upesi, ila programu kama OsmAnd na Organic Maps hutumia ramani iliyopakuliwa, hivyo mgeni mwenye ramani ya zamani bado atakuja mpaka aisasishe.

Sasa aina ngumu zaidi: alama isiyo na biashara yoyote, yenye jina la eneo peke yake. Mteja ameandika "Tegeta" au "Goba" bila zaidi, na programu isiyojua mtaa wala namba ya nyumba inachagua nukta moja ya katikati. Nyumba iliyo jirani na nukta hiyo inapokea vifurushi, mafundi na waalikwa wa harusi za watu. Kisa kikubwa cha namna hii kilitokea Marekani. Kampuni ya MaxMind, inayokadiria mahali ilipo anwani ya intaneti (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), ilihitaji nukta ya kuwakilisha nchi nzima pale isipojua zaidi. Ikakadiria katikati ya nchi kuwa nyuzi 38 kaskazini na 97 magharibi, na nukta hiyo ikaangukia shamba karibu na Potwin, Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikawa zinaelekeza hapo. Familia shambani walijiwa na polisi na watu wenye hasira kwa miaka, mpaka habari ilipotoka 2016 na kampuni ikahamishia nukta katikati ya maji. Nyumba moja Pretoria ilipatwa na balaa la namna hiyohiyo.

Kwa nukta ya eneo, omba isogezwe mpaka mahali pa umma panapojulikana: soko, kituo cha daladala, ofisi ya kata. Eleza kwamba sasa iko juu ya makazi ya mtu. Wakati huohuo wafundishe wanaokuja kuandika zaidi. Jina tupu lina hatari yake hapa mjini: "Mbezi" inaweza kuwa Mbezi Beach, inaweza kuwa Mbezi Luis iliko stendi ya Magufuli, na kati yake kuna safari nzima ya kupita foleni. Namba za nyumba na majina ya barabara yaliyowekwa na operesheni ya anwani za makazi ya 2022 yanasaidia sana yakiandikwa kikamilifu, pamoja na postikodi ya tarakimu tano.

Alama ikiwa namba tupu, zihesabu. Viwianishi, yaani namba mbili zinazotaja mahali, vya Dar es Salaam vinaanza na -6 kwa latitudo na 39 kwa longitudo. Alama ya kutoa ikisahaulika, mtu anapelekwa Ethiopia. Namba zikibadilishana nafasi, anapelekwa magharibi ya Hispania. Makosa hayo hayakuletei mgeni, yanaonekana mara moja. Yanayoleta mgeni ni ya kukata desimali. Tarakimu tano baada ya nukta zina usahihi wa kama mita moja. Tatu zinakupa kama mita 110, yaani mtaa wa pili. Mbili tu ni kilomita moja na ushee. Kosa lingine ni kuchanganya dakika na desimali: nyuzi 6 dakika 46 sekunde 30 ni 6.775, na anayeandika 6.4630 amekosea zaidi ya kilomita 30. Ndiyo maana mimi hutumia Plus Code, kodi fupi ya mahali, ambayo Google Maps huionesha ukibonyeza mahali na kushikilia. Kodi kamili ya Dar es Salaam mjini huanza na 6G5X, ina herufi na tarakimu kumi, na inataja mraba wa mita kama 14 kwa 14. Unaweza kuisoma kwenye simu bila kukosea.

Wakati mwingine alama iko sahihi na njia ndiyo mbovu. Ramani hutafuta barabara iliyo karibu na alama, hata kama kati yao kuna ukuta. Jengo likiwa nyuma ya uzio wako, mgeni anafikishwa kwenye geti lako kwa kuwa ndiyo barabara ya karibu. Au kinjia chako cha ndani kimechorwa kama barabara ya kupita. Hapa usiguse alama ya biashara, ripoti barabara. Kwenye OpenStreetMap kitaje kinjia kuwa binafsi na uchore geti lilipo. Kwenye Google Maps tumia sehemu ya kurekebisha barabara, useme hairuhusu kupita. Upande wa zahanati, alama ikisogezwa kidogo kuelekea mlango wake halisi, njia hubadilika yenyewe.

Mpaka yote yakae sawa, weka kibao getini. Herufi ziwe kubwa za kusomeka kwa taa ya pikipiki, maneno machache: HAPA SI ZAHANATI. ZAHANATI: RUDI BARABARANI, KULIA, JENGO LENYE GETI LA KIJANI. Chini yake namba ya simu ya zahanati yenyewe, kwa ridhaa yao. Elekeza kwa vitu vinavyoonekana usiku. Kibao kinachosema tu "si hapa" kinamwacha mgonjwa njia panda. Ukiambiwa badiliko limekubaliwa, jaribu kwa simu nyingine isiyo na akaunti yako, kwa kuandika jina kama wageni wanavyoliandika, makosa ya tahajia yakiwemo.

Limebaki kundi linalohitaji tahadhari: wanaofuata nukta ya simu iliyoibwa kwenye programu ya kutafuta simu. Wanakuja wengi, wana hasira, na wana uhakika. Usifungue geti peke yako usiku. Mpigie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aje, muwasikilize mkiwa pamoja. Kisha waombe wakuoneshe vitu viwili kwenye skrini: saa ambayo simu ilionekana mara ya mwisho, na duara linaloizunguka nukta. Nukta ya saa tatu zilizopita haisemi simu iko wapi sasa, na duara likifunika nyumba ishirini, yako ni moja ya hizo. Waambie wabonyeze sehemu ya kuiliza simu hiyo palepale getini, wote mkiwa kimya.

Kosa hilo huweza kutokana na ruta, yaani kifaa cha Wi-Fi cha nyumbani. Simu hujua mahali ilipo kwa kutambua mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, na ruta iliyohama nyumba huweza kukumbukwa kwa muda mahali pa zamani. Kuitoa ruta yako kwenye kumbukumbu za Google, ongeza _nomap mwishoni mwa jina la mtandao, kwa mfano Nyumbani_nomap. Unabadilisha kwenye mipangilio ya ruta, na ukishabadilisha utaunganisha upya kila simu na televisheni ya nyumbani kwa jina hilo jipya.