Dakika Kumi na Moja Bila Stima

Mashine ya kunasa sauti tuliyokuwa nayo bungeni ilikuwa na taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Ikiwaka, maneno yanaingia. Ikizimika, mheshimiwa anauhutubia ukuta. Kila nikiingia zamu nilikuwa naitazama ile taa kwanza, watu baadaye. Jumatano moja ya Septemba 2016 sikuitazama.

Nilikuwa mwandishi wa Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya maneno yanayosemwa bungeni, katika bunge la kaunti moja huku magharibi mwa Kenya. Silitaji jina, kwa sababu niliowaacha pale bado wanapata unga wao pale, na kosa lenyewe lilikuwa langu. Wengi hudhani sisi hukaa kwenye kona tukichapa kila neno linavyomtoka msemaji. Vidole hivyo hatukujaliwa. Tulipokezana kwa robo saa. Ukiwa ndani unaandika daftarini nani amesimama, nani amemkatiza nani, nani amepiga meza, wapi watu wamecheka. Maneno yenyewe unaiachia mashine. Zamu ikiisha unarudi ofisini, unafunika masikio, unakanyaga pedali ya kurudisha sauti nyuma, na ile robo saa inakula saa mbili za siku yako. Ukiangukiwa na mheshimiwa wa kuchanganya lugha, tatu. Kanuni za Kudumu zinasema anayeanza kwa Kiswahili amalize kwa Kiswahili, na wa Kiingereza vivyo hivyo. Nenda uwaambie.

Jumatano tulikuwa na vikao viwili. Cha asubuhi sikumbuki sana. Kulikuwa na ombi la wananchi kuhusu daraja, na taarifa ndefu ya mwenyekiti wa kamati ya afya ambayo hata wanakamati wenzake waliisikiliza wakiwa kwenye simu. Cha alasiri, kilichoanza saa nane na nusu, ndicho kilichokuwa na nyama: Mswada wa Fedha, hatua ya kamati.

Watu huchanganya bajeti na Mswada wa Fedha. Bajeti hupitishwa Juni, nayo husema pesa zitaenda wapi. Mswada wa Fedha husema kaunti itachuma nini kwa mwananchi wake, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inatoa siku tisini baada ya mswada wa matumizi kupita. Katiba nayo, kifungu cha 210, haimruhusu mtu kutoza kodi wala ada ya leseni ila sheria iwe imesema. Kwa hiyo yule mkusanya ushuru anayemsimamia mama wa sukuma wiki na kitabu cha risiti kabla hata hajatandika gunia, nguvu zake zinatoka kwenye jedwali lililofungwa nyuma ya mswada, kurasa ambazo wengi hawafiki. Maegesho ya lori, kibali cha kinyozi, kuchinja mbuzi, kuchinja kuku. Kwa mwaka ule jedwali lilikuwa limepandisha ushuru wa wanaouza chini, bila meza wala kibanda, kutoka shilingi 30 hadi 50 kwa siku ya soko.

Aliyefika kwenye ukurasa huo alikuwa Mzee. Ndivyo alivyoitwa na kila mtu, hata Spika mwenyewe nje ya ukumbi. Alikuwa diwani katika lile baraza la zamani, na uchaguzi wa 2013 ulipoleta mabunge ya kaunti akaingia pamoja na madiwani wenzake kadhaa. Koti moja la kahawia, jua au mvua, na miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi mweusi. Vijana waliokuja na vipakatalishi walimcheka chini chini, lakini nilikuwa nimemwona maktabani jioni mbili mfululizo, kidole juu ya jedwali, akiteremka mstari kwa mstari kama anayehesabu maharagwe.

Bunge likigeuka Kamati ya Bunge Zima, Spika hutoka kitini, siwa, lile rungu la mamlaka ya bunge, hushushwa chini ya meza, na naibu wake huongoza kama mwenyekiti. Niliandika daftarini kwamba siwa imeshushwa. Mzee akasimama na rekebisho lake: pale palipoandikwa hamsini pafutwe, paandikwe ishirini.

Mvua ya kwetu haibishi hodi. Huja alasiri kutoka upande wa ziwa, na paa la ukumbi ule lilikuwa mabati matupu juu ya dari nyembamba. Mzee hakuwa amemaliza sentensi ya pili radi ilipopiga na stima ikapotea. Vipaza sauti kimya, taa kimya, na kwangu ile punje ya mtama ikafa. Betri ya akiba ilikuwa imeshakufa tangu Julai.

Mwenyekiti akasema tungoje jenereta. Mzee akabaki amesimama.

“Bwana Mwenyekiti, mimi nimehutubia soko miaka ishirini. Sijawahi kuona soko lenye stima.”

Wakapiga meza. Mwenyekiti akamruhusu. Akaanza kusema akishindana na mabati, na hapo ndipo niligundua kuwa kipaza sauti kilikuwa kinamdhulumu mzee huyu. Sauti ilijaa ukumbi. Hakuonekana vizuri, alikuwa kivuli cha koti tu mbele ya dirisha la kijivu. Akaeleza habari za mama mmoja wa wadi yake anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaji wake haufiki shilingi elfu tatu. Kisha akanyamaza, tukadhani amemaliza.

“Aliyepandisha ushuru wa soko lile mwaka wa 1994 alikuwa diwani,” akasema. “Diwani huyo nilikuwa mimi. Nilinyosha mkono. Tulikuwa tumeahidiwa viwanja.”

Hakuna aliyepiga meza. Nilikiandika hicho gizani, mwandiko wangu ukapanda juu ya mstari mwingine, na mpaka leo nina lile daftari.

Jenereta ikanguruma. Taa zikawaka, vipaza sauti vikarudi kwa mlio ule wa kukwaruza masikio, na Mzee akaingiza mkono kwenye koti akatoa furushi limefungwa kwa mpira wa nywele. Risiti za ushuru za yule mama. Tisini na nane, akasema, siku zote za soko kwa mwaka mzima isipokuwa sita alizokaa hospitalini na mjukuu. Zidisha kwa thelathini, shilingi 2,940. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba bungeni vitu havipungwi hewani, huwekwa mezani. Sajenti akaja kuzichukua kwa mikono miwili, kwa heshima zake zote. Hatua ya tatu akaanza kuzishika kwa vidole viwili, mkono umenyooka mbali na sare. Zilikuwa zimelala mwaka mzima kwenye fundo la leso pamoja na pesa za omena. Harufu ikapita safu ya mbele, ikapita ya pili, na bunge zima likaangua kicheko, Mzee naye ndani yake. Mimi nikaandika “(Kicheko)”, nikicheka.

Mashine ile haikuwa ya kujiwasha. Stima ikirudi, lazima mtu abonyeze. Ya gizani yasingenaswa hata ningekuwa malaika, lakini zile dakika chache baada ya jenereta ni zangu. Mwenzangu alipoingia kunipokea alitazama taa, akabonyeza, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno.

Kura haikupotea. Maamuzi huandikwa na makarani wa mezani, na kwa kweli yalikuja mwenzangu akiwa kitini: kiongozi wa wengi alisimama akasema ishirini ni kidogo mno kwa kaunti inayotaka kufagia soko, akaomba ishirini iwe thelathini, ikapigwa kura ya sauti, wenye ndio wakashinda. Mama wa omena akabaki alipokuwa. Kilichopotea ni maneno.

Mhariri wetu, mama mmoja ambaye hajawahi kupandisha sauti nami nikiwepo, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tu: “Mzee ameshapanda pikipiki?”

Nikatoka mbio kwenye mvua. Nilimkuta katika kibanda ng'ambo ya barabara, strungi mbele yake na mandazi mawili, mwenye bodaboda wake akingoja ipungue. Nikamwomba radhi. Nikamwambia ilivyokuwa, na kwamba nikimnasa kwa simu tutaweza kulinganisha na daftari langu.

“Sasa unataka niihutubie chai?”

“Nakuomba, Mzee.”

Akakunywa strungi ikaisha. Akasimama, maana alisema hotuba ya kukaa ni malalamiko. Akafunga kifungo cha koti. “Bwana Mwenyekiti,” akaanza, na mwenye kibanda akaacha kugeuza mandazi kwenye karai. Akasema yote: mtaji, mjukuu, tisini na nane mara thelathini, hata mzaha wa soko lisilo na stima. Tena aliyapanga vizuri kuliko mara ya kwanza, na nikaona vile mtu hujisahihisha akipewa nafasi ya pili. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamejibanza pale wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama uchaguzi umeletwa mapema.

Nikazima simu. Nikaangalia daftari.

“Mzee, na ile ya 1994?”

Alikuwa anahesabu sarafu za chai. Akamaliza kuhesabu.

“Hiyo nilisema wakati hakuna stima,” akasema.

Sikujua nijibu nini. Nilirudi ofisini nimelowa, nikampa Mhariri vyote viwili, simu na daftari, nikamwonyesha ule mstari uliopanda juu ya mwenzake. Akaukazia macho kwa muda. Akasema mheshimiwa ana haki ya kuona rasimu ya hotuba yake na kusahihisha lugha, hana haki ya kubadili alichosema. Na mwandishi naye hana haki ya kumtilia mtu maneno mdomoni kwa ushahidi wa mwandiko wa gizani. Nikamwambia ukumbi mzima ulisikia. “Basi ukumbi mzima uandike,” akasema. Hatimaye tukaandika kwamba umeme ulipotea na sehemu ya hotuba haikunaswa, kisha tukafuata yale ambayo daftari na simu vilikubaliana. Ukiisoma Hansadi ya alasiri ile utamkuta mama wa omena, utakuta kicheko. Diwani wa 1994 hayumo.

Nilidhani wakati ule kwamba Mhariri amekosea. Siku hizi napindapinda. Mtu akisema jambo gizani mbele ya watu zaidi ya arobaini, kisha akakataa kulisema mbele ya simu, sijui lipi kati ya hayo mawili ndilo neno lake. Nilimpigia simu kabla sijaanza kuandika haya, maana yeye aliangushwa kwenye mchujo wa 2017 akarudi kwenye ng'ombe zake na hadaiwi chochote na mtu. Nikamweleza ninachotaka kuandika. Akauliza, “Huko uliko stima iko?” Nikasema iko. “Basi ngoja ipotee.” Ilipotea usiku huohuo.

Kesho yake baada ya ile Jumatano, Alhamisi, Mzee alikuja ofisini kwetu kabla ya kikao. Nilidhani amekuja kusoma rasimu. Aliisoma, ndiyo, kidole kikiteremka mstari kwa mstari, akarekebisha “alienda” ikawa “alikwenda”, akatia sahihi. Lakini hakuinuka.

“Nimekuja kwa ajili ya zile risiti,” akasema. “Mwenyewe anazitaka.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Karatasi ikishawekwa mezani ni mali ya bunge, haitoki. Nikamweleza. Naye akanieleza kitu ambacho hakikuwa katika hotuba yoyote kati ya zile mbili: kwamba yule mama hana karatasi nyingine ya kuonyesha kuwa ile futi nne kwa futi nne karibu na lango la soko ni mahali pake. Soko likigawanywa upya, mwenye risiti hubaki na asiyenazo husogezwa nyuma, kwenye matope karibu na choo. Alikuwa amemwazima Mzee risiti hizo kwa siku moja.

Nikaenda kumwomba karani. Kuzitoa akakataa, ila akaniruhusu kuzitoa fotokopi. Nilizipanga sita sita juu ya kioo cha mashine, nikazibonyeza kwa kiganja zisijikunje, karatasi kumi na saba, ya mwisho ikiwa na mbili tu. Kila karatasi nikapigiwa muhuri. Vidole vyangu vilinuka omena hadi jioni.

Mzee akazipokea zikiwa bado na joto la mashine. Akainua ile ya juu puani, akainusa, akatikisa kichwa.

“Hizi hatazitambua,” akasema, akazikunja mara mbili akazitia mfuko wa ndani wa koti, kengele ya akidi ikaanza kulia.