B Ulimweka Wapi?

Alasiri moja ya mwaka 2014, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili jijini Dar es Salaam, nilisimama ubaoni kueleza jinsi chembe tatu zilizofungamana kikwantamu, yaani zinazounda hali moja hata zikitenganishwa, zinavyogawana ule uhusiano wa matokeo ya vipimo ambao mwanafizikia John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba hauelezeki kwa maagizo ambayo kila chembe iliondoka nayo tangu mwanzo. Feni ilikuwa ikipeperusha karatasi zangu, nami nikazikandamiza kwa kopo la chaki.

Nilianza vizuri. Nilieleza kwamba katika kipimo cha Clauser na wenzake cha mwaka 1969, maagizo ya namna hiyo hayavuki 2, ilhali chembe mbili zilizofungamana kikamilifu hufika 2.83. Kisha nikawapa wapimaji A, B na C chembe moja kila mmoja, nikaandika kwamba A, kwa vipimo vyake vilevile, anapata 2.4 na B na papo hapo 2.4 na C, nikatoa na mfano wa sinia la pilau, ambalo kila mgeni hula upande wake akashiba. Mfano ule ulinipendeza mno hata hesabu sikuikagua.

Binti mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono. "Samahani kaka, ulipokokotoa ya A na C, B ulimweka wapi?"

Sikuwa nimemweka popote. Kila jozi nilikuwa nimeikokotoa kana kwamba chembe ya tatu haipo. Mwalimu akaniambia kwa upole, "Zidisha kila moja kwa yenyewe, kisha ujumlishe." Nikapata 11.52, ilhali wanafizikia Toner na Verstraete walikwisha kuthibitisha mwaka 2006 kwamba jumla hiyo haizidi 8. A akivuka 2 na B, kwa C lazima abaki chini ya 2. Usiku ule nilikokotoa hali ya chembe tatu iitwayo W, ambamo kila jozi imefungamana kweli, nikaona kila moja inaishia 1.89. Kumbe mfungamano hukubali kugawanywa pale ambapo uhusiano wa Bell hukataa.

Mwaka 2015 Silva, Gisin, Guryanova na Popescu walionyesha njia nyingine: B akipima chembe yake kwa wepesi, yaani bila kuuvunja mfungamano wote, na kumkabidhi mpimaji wa pili chembe hiyohiyo, wote wawili wanaweza kuvuka 2 na A. Nilimtumia yule binti makala hiyo, naye akanijibu kwa mstari mmoja: "Kaka, huyo wa kwanza alipima kwa wepesi kiasi gani?"