Karura: maporomoko, mapango na tanuri la noti

Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, una hekta elfu moja na ushee. Njia panda zake zina vibao vya namba. Piga picha ramani ya getini, maana bila ramani namba hizo hazikusaidii. Malipo ya kiingilio si ya fedha taslimu.

Fuata mto. Maporomoko yana kimo cha mita 15 hivi, na karibu yake yapo mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950. Beba tochi, ya simu inatosha. Hatari ni njia ya kuteremkia: udongo mwekundu wa mfinyanzi hunata kwenye soli hadi kiatu kinapoteza meno, ndipo watu wanapoteleza. Masika, vaa buti. Maji usiyanywe wala kuyachezea. Mto umepita makazi ya watu kabla ya kufika hapo.

Wengi hulipita tanuri la zamani la kuchomea noti zilizochakaa. Wasilipite. Chakula kifiche ndani ya begi, kima hawaombi.

Mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa akiutetea msitu huu Januari 1999.