Gego Lililooza: Litibiwe au Ling'olewe?

Gego la kwanza la kudumu la chini huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, na kwa kuwa hutangulia kuota na uso wake una mifereji inayoshika chakula, hutangulia pia kuoza. La mama yangu lilioza hadi kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya fahamu, likamnyima usingizi, kisha maumivu yakakatika ghafla. Wenzangu nyumbani walishukuru. Mimi niliingiwa na wasiwasi, kwa maana jino bovu likinyamaza namna hiyo, mara nyingi kiini kimekufa na bakteria wanaendelea kushuka kuelekea kwenye mfupa wa taya. Picha ya eksirei ilithibitisha hivyo: kwenye ncha ya mzizi wa nyuma palikuwa na kivuli cheusi, kidogo kama punje ya mtama.

Mama alikuwa ameshakata shauri kwamba ling'olewe, nasi wanawe tumchangie kipandikizi, yaani jino la bandia linalofungwa kwenye mfupa wa taya. Nilimsihi, "Mama, tumsikilize daktari kwanza." Daktari hakuanza na bei. Alitazama kama jino lina ukuta mzima wa kiasi cha milimita 2 juu ya ufizi, ili kofia, yaani kifuniko kigumu anachovikwa jino lililotibiwa, ipate pa kushika. Kama mfupa unaolizunguka ni imara. Na kama mzizi haujapasuka kwa wima, kwani ukipasuka hivyo, gego kwa kawaida haliokoki. Yote yalikuwa sawa.

Hapo ndipo niliposhikilia litibiwe. Jino la asili hushikwa mfupani na nyuzi nyembamba zenye hisia, ambazo humjulisha mtu mara moja kwamba ameuma changarawe ndani ya wali. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoshikana na mfupa moja kwa moja, na nyuzi hizo hakina. Siidharau kazi hiyo: Gösta Larsson, aliyewekewa vipandikizi na Per-Ingvar Brånemark nchini Sweden mwaka 1965, alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Lakini Larsson alikuwa amepungukiwa meno ya chini, hakung'olewa jino linalotibika. Zaidi ya hayo, mama ana kisukari, na sukari isipodhibitiwa kidonda huchelewa kupona na kipandikizi huweza kukataa.

Matibabu yenyewe yalihitaji subira kuliko ujasiri. Baada ya sindano ya ganzi, jino lilitengwa kwa kipande cha mpira, likatobolewa juu, na mirija ya mizizi, ambayo katika gego la chini kwa kawaida ni mitatu, ikasuguliwa kwa vyuma vyembamba kama sindano, ikaoshwa kwa dawa ya jamii ya jiki, ikakaushwa na kuzibwa. Wengi huishia hapo kwa kuwa maumivu yamekwisha, nami naona ndipo fedha zao zinapopotea, kwa sababu gego lililotobolewa hivyo hupasuka kwa urahisi lisipovikwa kofia. Daktari alimwambia waziwazi, "Mama, bila kofia, mfupa mmoja wa kuku unatosha kulipasua."

Kofia imeshawekwa. Eksirei ya kurudia itapigwa baadaye, kwa kuwa mfupa hujijenga polepole, na kivuli kisipopungua, mizizi inaweza kusafishwa upya kabla ya kufikiria koleo.