Sukari, ndimu na leso kuukuu: kuondoa nywele za mwilini bila kwenda saluni

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unapoingia na harusi zikaanza kufuatana, saluni za wanawake hapa Mombasa hujaa tangu asubuhi, na bei ya kuondolewa nywele za miguu na mikono hupanda bila huduma yenyewe kubadilika. Sioni sababu ya mwanamke mwenye jiko, sufuria na subira kidogo kulipa fedha hizo. Nta ya sukari, ambayo nyumba nyingi za Mji wa Kale zimeipika kwa miaka mingi, huifanya kazi hiyo vizuri, na vitu vyake vyote hupatikana Marikiti au katika duka la mtaani. Kinachohitaji uangalifu ni upishi wake, kisha hali ya hewa ya mji wetu, ambayo mapishi mengi yanayosambazwa mitandaoni hayaitaji kabisa.

Vipimo ni vikombe viwili vya sukari nyeupe, robo kikombe cha maji ya ndimu yaliyochujwa, na robo kikombe cha maji ya kawaida. Ndimu haiwekwi kwa ajili ya harufu. Asidi yake huivunja sukari wakati inapochemka, na kwa sababu hiyo mchanganyiko haurudi kuwa chenga unapopoa, bali hubaki laini na wenye kuvutika. Tumia sufuria yenye kitako kizito na moto mdogo. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha mwiko. Mwanzoni mapovu huwa makubwa na meupe, yanapasuka upesi. Baadaye huwa madogo na mazito, na rangi huanza kugeuka kuwa ya manjano. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kuwa kutoka rangi ya asali hadi rangi ya kahawia iliyoungua hakupiti muda mrefu, na aliyekwenda kujibu simu hurudi akakuta peremende ngumu. Simama hapo hapo jikoni. Dondosha tone katika bakuli la maji baridi: likiwa donge laini linalobonyea bila kusambaratika, epua; likitawanyika, endelea kupika; likiwa gumu, ongeza kijiko kimoja cha maji na uirudishe motoni polepole.

Watoto wasikaribie jiko wakati huo. Sukari iliyochemka huwa na joto kuliko maji yanayotokota, na ikimwagikia ngozi huganda papo hapo, kwa hiyo jeraha lake ni baya zaidi. Mimina katika chupa ya kioo isiyo na unyevu, uiache ipoe mpaka iwe vuguvugu, na uijaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono.

Sasa kuhusu hali ya hewa. Wakati wa kaskazi, jasho halikauki na hewa yenyewe imebeba maji, hivyo nta iliyopikwa barabara hulainika mikononi na kung'ang'ania ngozi badala ya kung'oka. Dawa yake ni kuipika kwa muda mrefu kidogo kuliko ambavyo mtu wa Nairobi angeipika, kufanya kazi alfajiri kabla ya jua kupanda, kuwasha feni, na kuikausha ngozi kabisa kwa taulo kisha kuipaka poda nyembamba. Bila poda utasumbuka bure. Msimu wa kusi kazi huwa nyepesi zaidi.

Kwa anayeanza, kitambaa ni rahisi kuliko kuvuta donge kwa vidole. Leso ya pamba iliyochakaa, ile isiyofaa tena hata kufungia mtoto, ikikatwa vipande virefu vya upana wa vidole vinne, hutosha kwa mwaka mzima, maana sukari huyeyuka katika maji ya moto na vipande hufuliwa vikatumika tena. Nywele ziwe na urefu wa karibu nusu sentimita. Zikiwa fupi zaidi nta haizishiki. Paka nta nyembamba kufuata zinakoelekea nywele, kandamiza kitambaa, vuta ngozi kwa mkono mmoja ili ikazike, kisha kwa mkono wa pili kivute kitambaa upesi kinyume cha uelekeo huo, kikiwa karibu na ngozi, si kwenda juu. Anayevuta polepole kwa huruma ndiye anayejiumiza. Habari hizi za maumivu, kwa kweli, hutiwa chumvi: miguu huzoea, ingawa kwapa halizoei haraka.

Matokeo hudumu wiki tatu hadi nne, muda unaowafaa pia wanaozingatia hadithi ya Anas bin Malik iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba nywele za kwapa na za kinena zisiachwe kupita siku 40. Kwa kinena, hata hivyo, ushauri wangu ni wembe au mkasi mdogo, kwa kuwa ngozi ya hapo huchubuka upesi na si rahisi mtu kuona anachokifanya.

Wembe haustahili sifa mbaya uliyopewa. Kwamba nywele zikinyolewa huota nene zaidi si kweli; wembe hukata juu ya ngozi tu, wala haugusi shina, na ncha iliyokatwa butu ndiyo inayoonekana na kuhisika kuwa nzito. Tatizo halisi, hasa kwa sisi wenye nywele za kujikunja, ni vipele vinavyotokea pale ncha inapojipinda na kurudi ndani ya ngozi. Hupungua ukinyoa baada ya kuoga maji ya vuguvugu, kwa sabuni yenye povu la kutosha, kufuata uelekeo wa nywele na bila kupitisha wembe mara nyingi pahala pamoja. Wembe butu utupwe, ukiwa umefungwa katika karatasi nzito. Na usiazimwe, hata kwa dada wa tumbo moja, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B na vya UKIMWI huweza kupita kwa damu iliyobaki kwenye makali.

Krimu za kuondolea nywele sizipendi, kwa harufu na kwa bei. Anayezitumia azijaribu mahali padogo siku moja kabla, asizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo.

Wako watu wasiopaswa kujaribu nta hata kidogo: mwenye kidonda au upele, na anayepaka mkorogo, kwa sababu krimu nyingi za kujichubua zina steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba, na kitambaa kitaondoka na ngozi pamoja na nywele. Mwenye kisukari azungumze kwanza na daktari. Vilevile mwanamke anayeona nywele ngumu zikiota kidevuni au kifuani, huku hedhi yake ikiwa haina mpango, aende kupimwa homoni kabla ya kuhangaika na sukari.

Baada ya kung'oa, osha kwa maji, weka kitambaa cha baridi, paka utomvu mwangavu wa ndani ya jani la mshubiri ukipenda, na uvae nguo za pamba zisizobana. Marashi na shabu zisipakwe kwapani siku hiyo, na bahari isubiri.

Bibi harusi apange siku zake kwa utaratibu. Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili wa bibi harusi, isuguliwe siku moja kabla ya nta, si baada yake, kwa kuwa kusugua ngozi iliyotoka kung'olewa nywele ni kuitafutia vidonda. Hina nayo ingoje angalau siku mbili, na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, asiipake kabisa juu ya ngozi iliyochubuka, maana kemikali iliyomo imewatoa wengi malengelenge hata kwenye ngozi nzima.