Mlimfanyaje akaacha?

Leo siku ya tano, na swali la yule Mwalimu wa mbwa wetu Doa bado linanizunguka kichwani. Naosha vyombo, nalisikia. Nimekaa kwenye kikao, watu wanazungumzia bajeti, nalisikia. Laiti angenigombeza! Ningekuwa nimeshamnunia, nikamsema kwa Baba Amina, yakaisha. Lakini aliuliza kwa upole, kama daktari anayeuliza homa ilianza lini.

Mtakumbuka tulivyofikia uamuzi wa kutafuta mtaalamu. Ni baada ya Doa kumrukia yule mbwa mweupe bila hata kubweka, mimi nikaburutwa na kamba mpaka goti likachunika. (Goti limepona, asanteni mlioniulizia.) Mwalimu alikataa kuja kabla Doa hajapimwa na daktari wa mifugo. Niliona ananizungusha tu. Kumbe sikio la kushoto lilikuwa limevimba kwa ndani, na mbwa mwenye maumivu uvumilivu wake huwa mfupi, kama wetu. Tukapewa dawa ya matone, na Jumanne Mwalimu akaja.

Hakumgusa Doa. Alikaa kiti kimempa ubavu, macho kwenye daftari lake, akaanza kuuliza. Analala wapi? Nani humtembeza, na saa ngapi? Mlimchukua akiwa na umri gani? Nikajibu miezi 5. Akatikisa kichwa taratibu, akaeleza kwamba mtoto wa mbwa huizoea dunia kwa wepesi zaidi kati ya wiki ya 3 na kama ya 14, na kwamba Doa alifika kwetu dirisha hilo limeshapita. Hilo halikunichoma. Halikuwa kosa letu.

Kisha akauliza, "Siku hizi ananguruma?"

"Hapana," nikasema. "Hangurumi kabisa. Zamani alikuwa ananguruma sana, ila ameacha."

Kalamu ikasimama.

"Mlimfanyaje akaacha?"

Na mimi, kifua mbele, nikajibu: "Tulimkomesha."

Akaandika neno moja tu kwenye daftari. Sijui ni neno gani, nalifikiria mpaka sasa. Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie, akasema, "Sawa, Mama Amina. Kwa hiyo siku hizi akiogopa anawaambiaje?"

Sikuwa na jibu. Baba Amina naye aliinamia simu yake, ingawa kioo kilikuwa kimezima.

Tulimkomesha. Nimelirudia neno hili wiki nzima hadi limenikinai mdomoni. Ndivyo tulivyofanya kweli. Yule fundi wa kwanza, niliyemsifia humu mwaka jana, alituambia Doa anataka kuwa mkubwa wa nyumba, kwa sababu mbwa mwitu ndivyo wanavyoishi, kwa kupigania ukubwa. Kila akinguruma, vuta kamba kwa nguvu na umkemee. Usiku wa Jumanne usingizi ulipokataa nilianza kusoma. Mengi ya habari hizo za ukubwa yanatoka kwa Rudolf Schenkel, mtafiti wa tabia za wanyama, aliyechapisha mwaka 1947 alichokiona kwa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu ambaye naye aliieneza dhana hiyo mwaka 1970, alikuja kuandika mwaka 1999 kwamba porini kundi kwa kawaida ni familia tu, baba na mama na watoto wao. Niliweka simu chini nikakaa gizani. Kwa hiyo tulimvuta shingo mnyama aliyekuwa anatuomba nafasi, kwa sababu ya ugomvi wa mbwa mwitu waliofungiwa.

Naikumbuka siku yenyewe. Doa alikuwa chini ya meza, mgeni akainama kumshika kichwa. Mngurumo wake ulikuwa mdogo, wa chini kabisa, kama gari linalowashwa nyumba ya tatu. Akageuza uso pembeni, ila jicho likabaki kwa mgeni, weupe wake umejitokeza kama ukucha. Baba Amina akapiga meza kwa kiganja. Mimi nikavuta kamba. "Nyamaza!" Akanyamaza. Baada ya wiki chache akanyamaza moja kwa moja, na mimi nikaandika humu kwamba Doa amekua, ameshika adabu. Mkanipongeza. Nimeisoma tena ile shajara. Sitaifuta.

"Kunguruma ndiyo adabu ya mbwa," Mwalimu alituambia. "Anakuambia kwanza kabla hajatumia meno." Ukimwadhibu kwa kunguruma, hofu yake inabaki palepale, ila sasa hana namna ya kukuonya. Ndiyo maana tulikuwa tunasema analipuka ghafla. Haikuwa ghafla. Tulikuwa tumeyafuta yote yanayotangulia.

Tulitoka naye nje jioni ile, na hapo nilijifunza kumwangalia mbwa ninayeishi naye miaka mitatu. Mbwa mwingine alitokea mbali, kama hatua 40. Mimi nilikuwa namtazama Doa mkia. Mwalimu akaninong'oneza, "Tazama mdomo." Alikuwa anahema, ulimi nje. Mara mdomo ukafunga. Masikio yakaenda mbele, uzito wote ukahamia miguu ya mbele, akawa kama kisanamu. "Sasa," Mwalimu akasema, na kipande cha nyama kikashuka puani pake. Akala. Tukageuka tukaenda zetu. Basi, ndio mazoezi yenyewe, na yanarudiwa mara nyingi mno. Ni ileile kanuni ya mwanasayansi Ivan Pavlov na mbwa wake waliodondokwa mate: kitu kimoja kikitangulia kingine kila mara, mwili hujifunza kukingojea. Lakini mpangilio lazima ushikwe. Kwanza amwone mbwa, ndipo nyama ije. Ukitanguliza nyama, ataanza kuishuku nyama yenyewe, kwamba ikitolewa tu kuna balaa linakuja.

Tulipokosea tukasogea mpaka kama hatua 20, alikataa nyama. Ilimgonga mdomoni ikaanguka, hata hakuiona. Mwalimu hakumvuta wala hakumsemesha, alitugeuza tu tukarudi nyuma. Mbwa anayeikataa nyama aipendayo, akasema, ameshavuka uwezo wake, na hapo hakuna la kumfundisha. Nikafikiria mara ngapi nimesimama naye karibu kuliko hapo, nimeshikilia kamba kwa mikono miwili, nikimwambia tulia, tulia.

Jumatano nilipewa ile nafasi kazini niliyoingoja miaka 2, na Amina amemaliza mitihani salama. Nyumbani walifurahi, nami nilifurahi. Usiku nilikuwa tena na lile swali.

Halafu ikaja jana.

Ilikuwa saa ya dawa ya sikio. Doa alikuwa kwenye mkeka wake, nami nimechuchumaa mbele yake na kichupa mkononi. Nilipouelekeza mkono kwenye lile sikio la kushoto nikausikia. Mdogo mno, hata nilidhani ni friji. Mrrrrr. Baba Amina akainua kichwa, mdomo ukafunguka, mkono tayari uko juu ya meza. Nikamwashiria: acha. Nikaweka kichupa sakafuni. Nikarudi nyuma hatua moja, nikamgeuzia ubavu kama nilivyomwona Mwalimu akifanya.

"Nimekusikia," nikamwambia.

Doa alijilamba pua. Akapiga mwayo mrefu. Akaninusa goti, palepale pa kovu, kisha akashusha kichwa juu ya miguu yake na kutoa pumzi moja ndefu ambayo sijaisikia kwake kwa muda mrefu sana. Machozi yalinitoka. Baba Amina aliinuka akaja kukaa nasi sakafuni, kwa mbali kidogo, bila kusema kitu, na yule ni mtu wa kusema. Tulikaa hivyo kama nusu saa. Baadaye nikaanza upya: nikagusa bega, nyama, nikagusa shingo, nyama, nikamwonyesha kichupa, nyama. Matone yaliingia saa nne usiku. Hakunguruma tena, ila safari hii nilikuwa nimemwangalia mdomo muda wote, na ulikuwa wazi, anahema polepole.

Nimemtumia Mwalimu ujumbe asubuhi: "Jana amenguruma." Akajibu, "Hongera sana." Nimeusoma mara sita.

Bado kuna safari ndefu, nalijua hilo. Tumeanza kumzoesha kile kikapu cha kuvalishwa mdomoni ili asiume, kile chenye nafasi ya kuhemea na kunywa maji, na kwa sasa anaingiza pua mwenyewe, analamba kilichopakwa ndani na kuitoa. Hatutamfunga mpaka awe anakitafuta. Jumanne Mwalimu anarudi. Nataka kumwomba anionyeshe lile neno aliloandika. Au nisimwombe.

Nilitaka niishie hapo, lakini Mama alipiga simu wakati nikiandika. Tulizungumza vizuri, akanipongeza kwa kazi, akacheka. Akaniuliza Amina yuko darasa la ngapi sasa, nikamwambia. Tukaendelea na mengine. Kabla ya kuagana akaniuliza tena, kwa sauti ileile: Amina yuko darasa la ngapi sasa? Nikamwambia tena. Mama ndiye aliyekuwa akimsahihishia Amina hesabu kila Jumapili kwa simu. Sijamwambia dada bado. Kesho nitampigia mapema, kabla hajaondoka kwenda kazini.