Siku niliyofuata majitaka hadi Vingunguti

Masika ya mwaka 2012, choo cha nyumba tuliyopanga Tandale kilijaa. Nyumba nzima tulikuwa na choo kimoja, na kule bondeni maji ya ardhini yako karibu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, maji yanaingia shimoni kwa chini na kinyesi kinapanda. Mwenye nyumba akasema tusubiri mvua kubwa ya usiku, atapishe.

Aliyekulia uswahilini Dar anajua maana yake. Unatoboa ukuta wa shimo mvua inapopamba moto, uchafu unabebwa na maji kuelekea Mto Ng'ombe, asubuhi choo kitupu. Anayeamka na kinyesi mlangoni ni jirani wa chini, na wanaoharisha ni watoto wake.

Mama alikataa. Mwaka 1997, kipindupindu kilipotikisa jiji, alimuuguza mdogo wake hadi akapona, na hakuwahi kusahau ile ndoo chini ya kitanda. "Mzee, kodi yako utaipata," alimwambia mwenye nyumba, "lakini hapa hatutapishi."

Ikabidi tuchange. Kulivuta shimo mara moja kulizidi kodi ya chumba ya mwezi mzima, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Sijawahi kuwaona wanaotapisha kuwa ni watu wabaya. Wengi ni watu waliopiga hesabu ya unga na hesabu ya choo, unga ukashinda.

Gari la majitaka halikuweza kuingia uchochoroni. Likaegeshwa barabarani, mipira ikaungwa kipande kwa kipande kupitia nyua za majirani, na kila tulipopita ilibidi tupige hodi na kuomba radhi. Dereva alitumbukiza mti mrefu, akamimina ndoo za maji, akakoroga ili tope lilainike. Pampu ikavuta kilicho chepesi. Tope zito la chini lilibaki. Hilo ni la vyura, wale wanaume wanaoingia shimoni kwa miguu yao na koleo na ndoo, aghalabu usiku. Kazi ile imebeba afya ya jiji hili kwa miaka mingi, na hadi leo nawavulia kofia.

Utingo wake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo dereva akaomba kijana wa kumsaidia kushika mpira kule mwisho wa safari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Nikapanda. Tukashika Barabara ya Mandela kutoka Ubungo, foleni ile ile ya siku zote, hadi Vingunguti.

Nilitarajia jalala. Nilichokiona ni mabwawa mapana yaliyopangwa kwa ngazi, na mzee mmoja msimamizi mwenye buti za mpira. "Shikamoo mzee," nikamsalimu. "Marahaba mwanangu. Shika mpira vizuri, usisogee mdomoni." Vali ikafunguliwa. Mzigo wa Tandale ukamwagika mbele ya chekeche la nondo, na pale zikanasa chupa za plastiki, matambara, nywele za bandia, pedi, kandambili moja ya mtoto. Mzee akavikokota kwa reki huku akilalamika kwa haki kabisa kwamba watu hugeuza choo pipa la taka, kisha gari likishindwa kuvuta wanamlaumu dereva.

Nilipomuuliza mashine ya kusafishia iko wapi, akanyoosha kidole juani. Akanitembeza. Bwawa la kwanza ni lenye kina kirefu, jeusi, limefunikwa utando mzito, na linatoa mapovu. Humo hakuna hewa. Bakteria wanaumeng'enya uchafu na tope linatuama chini. Bwawa linalofuata ni la kina kifupi, maji yake ya kijani kwa sababu ya mimea midogo mno isiyoonekana moja moja. Jua linapowaka, mimea ile inatoa oksijeni, na bakteria wa aina nyingine wanaitumia kumalizia kazi. Mabwawa ya mwisho yanaachwa wazi kwa jua liue vijidudu, na mayai ya minyoo yanapata muda wa kuzama. Yangeyange walikuwa wamesimama ukingoni. Maji yakitoka hapo yanaingia Mto Msimbazi.

"Tatizo ni tope," mzee alisema. Lisipochotwa, bwawa la kwanza linajaa, maji yanapita haraka kabla hayajaiva, na Msimbazi unapokea uchafu. Huko chini watu wanamwagilia mchicha. Alinieleza pia kwamba mabomba ya majitaka yaliwafikia wakazi wachache tu, na kwamba majitaka ya Kariakoo na katikati ya mji yalipelekwa baharini kwa bomba bila kupita bwawani. Agosti ya mwaka huo huo sensa ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 mkoani Dar es Salaam. Wengi wao ni watu wa mashimo kama sisi.

Niliporudi mama aliniuliza kinyesi chetu kimeishia wapi. Nikamsimulia yote, bwawa kwa bwawa, na wapangaji wakasogea kusikiliza. Mwenye nyumba akauliza gari likija kabla ya masika, wakati shimo halijajaa maji, litavuta zaidi? Nikamjibu kwamba dereva alisema ndiyo, kiangazi ndio wakati wake. Tangu mwezi ule kila chumba kikawa kinatoa kidogo pamoja na hela ya umeme, mama akiitunza kwenye kopo la maziwa, na mwezi Februari gari likaitwa jua likiwa kali.